Ushuhuda wa Mia Nne

Tulikutana mwezi wa nane uliopita, sisi tuliomaliza darasa la nane pamoja, kwenye hoteli moja ya nyama choma hapa Kitengela, mahali ambapo zamani palikuwa na nyasi, upepo na punda milia. Watu wamenenepa. Wengine wameota mvi, na mmoja amekuwa askofu wa kanisa alilolianzisha yeye mwenyewe. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni nikitafuta sura ninayoijua, mara sauti ikapanda juu ya muziki: "Aii, si huyo ni Mwikali wa ushuhuda!" Meza nzima ikaangua kicheko. Alikuwa Nashipae, tuliyeketi naye dawati moja, ambaye siku hizi ana duka la dawa za mifugo kule Ewuaso Kedong na bado anacheka kwa sauti ya kuamsha ploti nzima. Nilicheka pia, na nikashangaa kwamba kicheko kilitoka vizuri, bila kunikwaruza popote. Kuna miaka ambayo mtu angeniita jina hilo ningevuka barabara nisionane naye. Nilipomsimulia Mama kesho yake, alisema, "Na bado wanakumbuka?" kisha akatikisa kichwa na kuendelea kuchambua maharagwe. Nikamwomba ruhusa niandike. Akasema niandike, lakini nisiongeze chumvi, maana presha yake haitaki.

Habari za ukoo, nani alitoka Machakos na kwa nini, nawaachia wengine. Mimi naanza na chumba. Kilikuwa chumba kimoja katika ploti ya vyumba vingi, kimegawanywa na pazia la maua ya buluu. Upande wa ndani kulikuwa na kitanda cha Mama, na upande wa nje kulikuwa na kochi lenye vitambaa alivyovifuma mwenyewe, meza moja, na godoro langu ambalo asubuhi lilikunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango. Baba alifanya kazi Magadi, kwenye kiwanda cha magadi yenyewe, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi akiwa amekaushwa na lile joto, macho mekundu, akinywa maji kama ng'ombe aliyetoka safari. Mama alishona nguo kiwandani, zamu ya asubuhi. Kabla hajatoka, kukiwa bado na giza, aliniamsha kwa kunipangusa uso na kitambaa kilicholowa maji baridi, akaweka kitabu cha hesabu mezani na kikombe cha chai ya rangi kando yake. Sikuwahi kumsikia akisema ananipenda, lakini chai hiyo ilikuwa na sukari nyingi kuliko yake. Hilo nililijua hata wakati ule, na ndilo lililofanya mambo yawe magumu.

Katika ploti yetu watoto walijulikana kwa namba. Mtu akiuliza ni yupi huyo amevunja kikombe, aliambiwa, "Ni yule wa tatu," na kila mmoja akaelewa ni wa tatu wa darasa gani. Shuleni kulikuwa na siku ya wazazi ambapo mwalimu alisoma matokeo kwa sauti, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kila jina likisomwa mzazi alisimama. Mzazi wa mtoto wa mwisho alisimama wakati wengine wameshaanza kutafuta mikoba yao. Mimi nilikuwa wa saba, au wa tisa, au wa nane. Darasa lilijaa watoto hadi dirishani, kwa hiyo wa saba kwangu lilikuwa jambo zuri kabisa. Mama alisimama kwenye namba saba akiwa amejitanda leso mabegani, uso umekauka, kisha tukatembea hadi tufike kwa duka la mafuta ya taa, ndipo aseme, "Huyo wa kwanza, kwani ana vichwa viwili?" Nilimjibu hapana. "Anakula nini ambacho wewe huli?" Nilimjibu sijui. Kusema kweli nilijua: alikula githeri kama sisi. Niko na watoto wawili sasa, na juzi mdogo alipoleta ripoti yake nilisikia mdomo wangu ukifunguka wenyewe kuuliza ni nani aliyekuwa mbele yake. Ilibidi nijifanye nakohoa.

Kitu nilichokiweza kweli kilikuwa voliboli. Sikuwa mpigaji. Mpigaji alikuwa Nashipae, miguu mirefu, mkono kama mjeledi. Kazi yangu ilikuwa kumuinulia mpira pale pale anapoutaka, juu kidogo ya wavu, aruke aumalize. Mama hakuuchukia mpira, aliuonea huruma tu. "Mpira ni wa watoto ambao kitabu kimewakataa," alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kusema habari za wagonjwa. Baba alikuwa na maoni mengine. Kule Magadi, jua likishashuka, watu wote hutoka kwenye nyumba za kampuni kwenda kucheza au kutazama wanaocheza, na aliamini mtoto anayekimbia hula vizuri na kulala vizuri. Lakini Baba hakuwa mtu wa maneno mengi kuhusu shule, kwa hiyo Mama alisema kwa niaba ya wote wawili.

Mwaka wa darasa la nane timu yetu ilishinda hapa karibu, tukatakiwa kwenda Kajiado. Mama alikataa, mwalimu wa michezo akaja nyumbani, akapewa chai, akakataliwa tena kwa heshima. Mwishowe Mama akasema, "Sawa, ataenda. Na mimi nitaenda naye." Wasichana wenzangu walidhani ni mzaha hadi walipomwona anapanda lori pamoja nasi, amevaa nguo ya kanisani, amebeba kigoda na mfuko. Uwanja ulikuwa umechorwa kwa chokaa, na upepo wa Kajiado ulikuwa unaufuta mstari hata kabla mchezo haujaanza. Kando ya Mama aliketi mama yake Nashipae, aliyekuja na maziwa ya timu nzima, shanga shingoni, shuka jekundu, na ambaye alishangilia kila msichana aliyeruka, awe wetu au wao. "Takwenya!" alimsalimia Mama, na Mama akajibu, "Iko," maana miaka ya Kitengela ilikuwa imemfundisha Kimaasai kidogo. Nilikuwa karibu nao nikifunga kamba za viatu, nikawasikia.

"Wako ni namba ngapi darasani?" Mama aliuliza.

"Sijui," akasema Mama Nashipae. "Lakini ako huko. Mwalimu anamjua."

Mama alimtazama mtu huyo kwa muda mrefu, kama anayetazama nyumba isiyokuwa na mlango. Kisha filimbi ya mapumziko ikalia, na Mama akaingia uwanjani. Refa alidhani ni daktari wa timu, akampisha. Alinipa chupa ya uji, na nikiwa bado nakunywa, jasho linanitiririka, akafungua kitabu cha marudio. "Tangi liko na mfereji wa kuingiza maji na mwingine wa kutoa. Ikifunguliwa yote pamoja, tangi litajaa baada ya muda gani?" Nilisimama hapo na uji mdomoni, wasichana wa timu nyingine wakinitazama, nikatamani ardhi inimeze. Nashipae ndiye aliyeniokoa. Aliinama mikono magotini, akihema, akasema, "Lakini Mama Mwikali, kwani hao watu hawawezi kufunga huo wa kutoa?" Timu nzima ikacheka, mwalimu akageuka kando, na nadhani hata Mama alitaka kucheka, ila alikuwa amekuja kwa kazi. Tulishindwa mchezo uliofuata. Wakati tunakusanya vitu, mwalimu mmoja wa shule ya sekondari ya wasichana ya pale Kajiado, mwanamke aliyevaa trakisuti, alikuja akauliza jina langu na kama nimefikiria sekondari nitakayoenda. Mama akajibu kabla yangu: "Anaitwa Mwikali, na anaenda shule ya kitaifa."

Basi mtihani wa taifa ukaja, tukaufanya. Siku ya hesabu nilitoka chumba cha mtihani nikijua. Mtu huwa anajua. Nilimwambia Mama, tena kwa uoga, kwamba hesabu imekuwa ngumu. Aliniwekea kidole mdomoni. "Usitamke kushindwa," akasema. "Maneno yana nguvu." Ili kupata nafasi katika shule kubwa ya wasichana aliyoitaka ilibidi mtu afikishe alama mia nne kati ya mia tano, na mia nne ilikuwa imekaa nyumbani kwetu mwaka mzima kama mgeni. Jumapili iliyofuata, kanisani, kwenye kanisa letu la mabati lililokuwa likichemka kufikia saa tano, wakati wa shuhuda ulipofika Mama akasimama. Nilidhani atashukuru kwa ajili ya Baba kusafiri salama.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena! Wapendwa, mimi sisimami kuomba. Nimeshaomba. Nasimama kushukuru kwa imani. Namshukuru Mungu kwa mia nne ambazo Mwikali wangu amepata. Matokeo bado, lakini mimi nimeshaona."

Pasta akaruka juu. "Pokea!" akasema. "Tunapokea!" kanisa likajibu, na ngoma ikaingia, na akina mama wakaja kunishika mikono kana kwamba nimeolewa. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao na tabasamu lililokufa. Watu wa nje wanaweza kumcheka Mama, lakini kanisani kwetu hilo lilikuwa jambo la kawaida. Watu walishukuru kwa nyumba ambazo hazijajengwa, kwa viza ambazo hazijatoka, kwa waume ambao hawajaonekana. Tofauti ni kwamba mume asipokuja hakuna tarehe. Matokeo yangu yalikuwa na tarehe.

Na watu wetu ni wakarimu, hilo ndilo lililonimaliza. Wiki hiyo hiyo zawadi zikaanza kufika. Mama Wanjiru, aliyeuza mboga pale mbele ya ploti, alileta blanketi. Mzee Ndung'u, mzee wa kanisa, alileta ndoo na karai. Wengine walileta viatu, taulo, sabuni, na vijana wa kwaya wakachangishana wakaninunulia boksi la bati la kwenda nalo bweni, jeusi, linang'aa. Mama akamwita fundi wa rangi akaandika juu yake jina langu, na chini ya jina langu, kwa herufi nyeupe kubwa, jina la ile shule. Boksi lilikosa mahali. Likawekwa kando ya godoro langu. Mwezi mzima wa kumi na mbili nililala kando ya jina la shule ambayo nilijua sitaiona.

Baba alikuja Krismasi. Alisimama mbele ya boksi akiwa bado na mfuko begani, akalisoma, akanitazama, nikaangalia chini. Tulikula chapati na kuku, tukacheka, Baba akatusimulia jinsi joto la Magadi lilivyomfanya jirani yake alale ndani ya karai la maji. Lakini baadaye nilipokuwa nikiosha vyombo nje ya mlango, niliwasikia ndani.

"Mama Mwikali, umemuuliza mtoto?"

"Nimemuuliza Mungu."

"Mungu hakufanya huo mtihani. Mtoto ndiye alifanya."

Mama akasema taratibu, "Baba Mwikali, mimi nimeshona zipu za watu miaka yote hii. Unataka na yeye ashone zipu?" Nami, mikono kwenye maji ya sabuni, nilitamani kwa mara ya kwanza kwamba angalikuwa mama mbaya, ingalikuwa rahisi kumkasirikia.

Matokeo yalitoka. Mwalimu mkuu aliyabandika ukutani, tukasukumana. Mia tatu na kumi na mbili. Niliyasoma mara nyingi, nikidhani labda jicho limeruka mstari. Leo ninajua kwamba zilikuwa alama nzuri za mtoto wa shule yetu, zilitosha kabisa kwenda sekondari, na Nashipae aliyekuwa chini yangu alikuwa anarukaruka akiimba. Mimi nilitembea nyumbani nikipitia njia ndefu, kwenye udongo mweusi ulioshika viatu vyangu hadi vikawa vizito kama mawe. Mama alikuwa amekaa kitandani akisubiri. Nilimtajia. Hakunipiga, hakupiga kelele. Alisema, "Sawa," akavuta pazia la maua ya buluu, akabaki nyuma yake hadi jioni.

Siku chache baadaye alitoka na mpango. Nitarudia darasa la nane. Kulikuwa na shule huko Kiserian iliyochukua wanaorudia, ningekaa kwa binamu yake, ningesoma mwaka mmoja bila mpira, bila Nashipae, bila chochote. "Mungu hakusema ni mwaka gani," alisema, na uso wake ukapata nuru kidogo, nami nikaona jinsi alivyokuwa ameuzunguka ushuhuda ule siku zote hizo akitafuta mlango wa kutokea. Wakati huo huo nafasi yangu ilitoka: ile shule ya Kajiado, ya yule mwalimu wa trakisuti. Mama aliisikia habari hiyo kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha mahali pengine. Baba alikasirika, jambo ambalo sikuwa nimeliona. "Mtoto hatarudia darasa kwa sababu ya mdomo wako!" alisema, na ploti nzima ikanyamaza kusikiliza. "Ni mdomo wangu," Mama akajibu, "na ni mtoto wangu, na wewe uko Magadi." Na kweli ilibidi arudi Magadi, kazi haikungoja. Aliniambia mlangoni nivumilie. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na mwaka mmoja Kiserian niliuona kama kifungo. Sikuogopa kusoma. Niliogopa kwamba nikirudia nipate tena mia tatu, Mama hatabaki na mahali pa kunitazama.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa wakati akina mama wa maombi walipokuja. Ilikuwa mchana wa jua kali, kwa hiyo pazia la dirisha lilivutwa. Waliacha viatu mlangoni, wakaketi kwenye kochi na sakafuni, leso vichwani, wengine wakilia polepole jinsi watu wanavyolia katika maombi. Mama aliketi kitandani katikati yao. Mimi nilikuwa nje nyuma ya ploti, kwenye jiko, nikichemsha chai yao. Na ni wakati huo ambapo Mama Nashipae alifika, na kibuyu cha maziwa, kutupongeza. Hakuwa wa kanisa letu. Ushuhuda hakuusikia. Yeye alijua tu kwamba mtoto wake amefaulu, na wa jirani amefaulu zaidi, kwa hiyo kuna furaha ya kugawana.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mama Wanjiru mara nyingi, na kila mara aliyasimulia akishika mbavu. Mama Nashipae aliona viatu vingi mlangoni, giza ndani, wanawake wamejifunika, vilio vya chini chini. Akamwinamia Mama Wanjiru aliyekaa karibu na mlango, akanong'ona, "Ni nani?"

"Ni Mwikali," Mama Wanjiru akasema, bila kufungua macho vizuri.

"Woi! Tangu lini?"

"Tangu matokeo itoke."

Mama Nashipae hakuuliza zaidi. Aliweka maziwa chini, akatoka mbio hadi dukani, akarudi na sukari na majani chai, vile mtu anavyofanya akienda kwenye matanga, amejifunika shuka kichwani. Aliingia moja kwa moja hadi kwa Mama, akapiga magoti, akamkumbatia miguu, akaanza kulia kwa Kimaasai, kwa sauti, kilio chenyewe kile cha msiba. Akina mama walidhani Roho ameshuka, wakaanza kulia naye. Na mimi, niliyekuwa nje na sijui lolote, nikaingia na sinia, birika na vikombe, nikasema, "Shikamooni."

Mama Nashipae aligeuka. Alipiga ukelele ambao ulifanya sinia linitoke mkononi. Alinijia akinishika uso, masikio, mikono, akinigeuza huku na huku, chai imetapakaa sakafuni na yeye anaikanyaga bila habari, akisema "Nakerai, nakerai," mtoto, mtoto, na kunitemea mate mepesi ya baraka kichwani. Machozi yake yalinidondokea shingoni. Hakuna mtu aliyewahi kufurahi hivyo kuniona. Kisha akatulia, akawatazama wale wanawake wote, mmoja mmoja.

"Kwa hivyo hakuna mtu amekufa?"

"Hapana," Mama Wanjiru akasema. "Ni alama."

"Alama gani?"

"Ya mtihani. Hazikufika."

"Mmekaa hivi juu ya mtihani?" Hakusema kwa dharau. Aliuliza tu, anataka kuelewa. "Wangu amepata chini ya huyu, na jana tumechinja."

Sijui nani alianza. Nadhani alikuwa Mama Wanjiru, alijaribu kuzuia kicheko ndani ya leso kikatokea puani. Kisha wote wakaanza, wanawake wa maombi, wamelala mmoja juu ya mwenzake, wanacheka hadi wanalia tena, na Mama Nashipae naye anacheka na bado hajaniachilia mkono. Mama hakucheka. Alikuwa ameketi kitandani akiniangalia mimi, anaangalia jinsi yule mwanamke alivyonishika. Alikuwa amesikia mtu akinililia. Kwa dakika chache nilikuwa nimekufa katika chumba hicho, na nadhani alikuwa anahesabu ni nini hasa angekuwa amepoteza. Alisimama, akachukua matambara, akapiga magoti akaanza kupangusa chai. Sukari hatukuirudisha. Hairudishwi.

Jumapili yake Mama aliomba nafasi. Pasta alimpa akitabasamu, akitegemea habari njema za mwaka mpya. Mama hakupiga "Bwana asifiwe" mara mbili, alipiga mara moja.

"Mlinisikia hapa nikishukuru kwa mia nne. Mwikali hakupata mia nne. Alipata mia tatu na kumi na mbili. Mungu hakudanganya, ni mimi nilimwekea maneno mdomoni. Nilikuwa nataka mtoto arudie ndio nisiaibike mbele yenu. Hatarudia. Anaenda Kajiado, na huko kuna mpira, na atacheza. Vitu mlitupatia viko kwa nyumba. Mwenye anataka chake, akuje achukue."

Nilisikia mabati yakilia kwa joto. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikingoja mtu aseme neno la kumsuta Mama, na nilikuwa tayari, Mungu ananijua, kumrukia mtu huyo. Kiti cha plastiki kikasogea. Mzee Ndung'u alikuwa amesimama, na kofia yake mkononi.

"Bwana asifiwe," akasema kwa sauti ndogo. "Kijana yangu, yule mnajua ako yunivasiti anasomea uinjinia... ako Kiserian. Kwa machimbo ya mawe. Ako huko siku mingi. Ako na afya."

Akaketi. Watu walitazamana, kisha mmoja akapiga makofi, wakafuata wengine. Mama Wanjiru akasimama hata makofi hayajaisha. Wanjiru wake hakuwa amepata shule ya bweni, alikuwa kwa shangazi yake amefichwa asionekane mtaani shule zitakapofunguliwa. Mwanamume mmoja nyuma akasema wake alikuwa wa mwisho, na mwaka uliotangulia alikuwa wa mwisho pia, na kwa kweli ni mtoto mzuri sana. Mama mwingine akasema wake huwa anajificha nyumbani siku ya michezo kwa sababu baba mtu alitangaza kwamba atakuwa mkimbiaji, na mtoto hawezi kukimbia, ana miguu bapa. Kufikia hapo watu walikuwa wanacheka wazi wazi, wanasimama kabla hawajaitwa, wanapokezana alama za watoto wao halisi, na nyuso zao zilikuwa kama za watu waliovua viatu vinavyobana. Mwishoni Pasta mwenyewe akashika kipaza sauti, akakohoa, akasema darasa la saba alilirudia mara mbili, na mke wake akapaza sauti kutoka kwaya, "Mara tatu!" Sikumbuki mahubiri ya siku hiyo. Sidhani yalikuwepo. Zawadi hakuna aliyekuja kuzichukua, na boksi lilipakwa rangi upya kabla ya Jumatatu.

Ninasema haya nikiwa nesi huko Kajiado kwa miaka mingi sasa, mtu wa kawaida, ambaye wakati mwingine hufundisha wasichana voliboli Jumamosi. Mama anajua kwamba wa kwanza wa darasa letu yuko Marekani. Hajawahi kulitaja. Nikiwauliza watoto wangu habari za shule najaribu kuanza na chakula walichokula, na siku zingine nashindwa, naanza na hesabu, halafu najishika.

Tulipotoka kanisani Jumapili hiyo tulitembea polepole, sisi wawili tu, maana watu wote walitaka kumsalimia na alitaka kuondoka. Tulifika barabara ya Namanga, tukasimama kungoja malori yapite. Yalikuwa mengi. Mama hakunitazama, alikuwa anatazama barabara.

"Mwikali. Ulikuwa unaniogopa?"

Nilifikiria kudanganya. Lakini watu wazima wote walikuwa wametoka kusema kweli, nikaona na mimi niseme.

"Ndiyo, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la pili."

Lori likapita, na jingine, vumbi likatufunika. Wazazi wa wakati ule hawakuwaomba watoto msamaha. Walikuita ule, au walikununulia soda, nawe ukaelewa. Nilidhani atasema twende tukale. Mama alijifuta macho kwa ncha ya leso, akakohoa vumbi.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana."

"Ni sawa, Mama."

Akanishika mkono, jinsi mtu anavyomshika mtoto mdogo, ingawa nilikuwa nimeshamfikia mabega, tukavuka.